Hasara si lazima iwe kosa, faida si lazima iwe akili

MSIMU wa kuuza akiba unapokwisha, kila mwenye mtaji huketi na wanunuzi wake kufanya hesabu. Aliyeleta faida hupongezwa na kuongezewa fedha. Aliyeleta hasara huulizwa maswali makali na mara nyingi hunyang'anywa kazi. Utaratibu huu unaonekana kuwa wa haki, na ndio unaotumika katika masoko yetu mengi, kuanzia kwenye maghala ya nafaka hadi kwa wanunuzi wadogo wa hisa. Hata hivyo, una kasoro moja kubwa ambayo imemaliza mitaji ya watu wengi.

Tuchukue mfano wa mwenye ghala mmoja. Mnunuzi wake wa kwanza alinunua mahindi mwezi Julai wakati bei iko chini, akapiga hesabu ya gharama zote na kuweka pembeni fedha za kujikinga na mwaka mbaya. Ilipofika Januari bei ikaanguka. Hasara ilipoonekana, mnunuzi huyo akaachishwa kazi. Mwaka uliofuata akaja mnunuzi wa pili. Huyu alinunua Novemba, bei ikiwa imekwisha panda, kwa sababu tu alisikia kijiweni kuwa itapanda zaidi. Kweli ikapanda. Mwenye ghala akafurahi, akampa mtaji maradufu. Msimu wa tatu mnunuzi huyo akarudia mtindo wake ule ule, bei haikupanda, na ghala likafungwa.

Mwenye ghala alikosea wapi? Alimfukuza mtu aliyefanya uamuzi mzuri akapata matokeo mabaya, na akamtajirisha mtu aliyefanya uamuzi mbaya akapata matokeo mazuri. Alishindwa kutenganisha mambo mawili: uamuzi na matokeo yake.

Watu waliolazimika kulichunguza jambo hili kwa undani zaidi ni wale wanaoishi kwa kucheza karata. Ukurasa huu haumshauri mtu yeyote kwenda kucheza kamari, lakini hesabu wanayoitumia inafaa kujulikana na kila mwenye mtaji.

Mkono mmoja wa Las Vegas

Katika poka ya mtindo wa Texas, kila mchezaji hupewa karata mbili za siri. Kisha karata tano hufunuliwa mezani kwa ajili ya wote: tatu kwa pamoja, halafu ya nne, halafu ya tano. Kila hatua wachezaji huweka dau. Anayeona mkono wake ni dhaifu anaweza kutupa karata na kupoteza kile tu alichokwisha kuweka. Mwenye karata tano bora hatimaye huchukua fedha zote zilizoko mezani.

Mwaka 2003 mashindano makubwa ya dunia ya mchezo huo yalifanyika mjini Las Vegas, Marekani. Kiingilio kilikuwa dola 10,000, na washiriki walikuwa 839. Mmoja wao alikuwa mhasibu kutoka jimbo la Tennessee aitwaye Chris Moneymaker, ambaye hakulipa dola hizo 10,000. Alipata nafasi kwa kupitia mchujo wa kwenye intaneti uliomgharimu chini ya dola 100. Mwingine alikuwa Phil Ivey, mchezaji wa kulipwa aliyekuwa akiogopwa na wengi.

Walipobaki wachezaji 10, wawili hao wakakutana. Ivey alikuwa na tisa mbili. Moneymaker alikuwa na ree, yaani karata ya A, pamoja na bibi. Karata tatu za kwanza mezani zilikuwa bibi mbili na sita, hivyo Moneymaker akawa mbele kwa bibi tatu. Karata ya nne ikaja tisa. Sasa Ivey alikuwa na tisa tatu na bibi mbili, mkono wenye nguvu sana, na fedha zake zote zikaingia mezani.

Hapo ndipo penye somo. Ukiondoa karata nne za mikononi mwao na nne za mezani, zilibaki karata 44. Kati ya hizo, zilizoweza kumwokoa Moneymaker zilikuwa 7 tu: bibi moja, sita tatu na ree tatu. Kwa hiyo Ivey alikuwa na karata 37 upande wake, sawa na kushinda mara 84 katika kila mara 100. Karata ya tano ikaja ree. Ivey akatoka akiwa wa kumi. Moneymaker akaendelea hadi akatwaa ubingwa na zawadi ya dola milioni 2.5.

Je, Ivey alikosea kuweka fedha zake zote? Mtu anayetazama matokeo atasema ndiyo, kwa kuwa alitolewa mashindanoni. Lakini mtu yeyote aliyepewa nafasi ya kurudia hali ile mara 100 angeomba kukaa kwenye kiti cha Ivey, siyo cha mwenzake. Wala hatusemi kuwa Moneymaker alifanya ujinga, kwani hakuziona karata za Ivey, na bibi tatu ni mkono mzuri. Tunachosema ni kwamba ile ree haikubadilisha ubora wa uamuzi wa mtu yeyote kati yao. Ilibadilisha mfuko tu.

Mwaka uliofuata, washiriki wa mashindano hayo walipanda kutoka 839 hadi 2,576. Ushindi wa mhasibu mmoja uliwavuta watu wengi. Hakuna aliyevutwa na zile karata 37.

Wastani wa matarajio

Hesabu inayotumika hapa ina umri mkubwa. Mwaka 1654 Wafaransa wawili, Blaise Pascal na Pierre de Fermat, waliandikiana barua kuhusu namna ya kugawana dau la mchezo uliokatishwa kabla ya kumalizika. Mwaka 1657 Mholanzi Christiaan Huygens akatoa kitabu kilichopanga hesabu hiyo vizuri. Tunaweza kuiita wastani wa matarajio: chukua kila tokeo linalowezekana, zidisha fedha zake kwa uwezekano wake, kisha jumlisha yote. Jibu ni kile ambacho uamuzi huo ungekupa kwa wastani kama ungerudiwa mara nyingi.

Tuone mfano. Una karata nne za shupaza na unangoja ya tano ili upate mkono wa kushinda. Umeona karata 6: mbili zako na nne za mezani. Zimebaki 46, na shupaza ndani yake ni 9. Mezani kuna shilingi 50,000, nawe unatakiwa kulipa 10,000 ili uione karata ya mwisho. Tuseme ukipata shupaza unashinda, na usipopata unashindwa.

Katika mara 46, utashinda mara 9 na kupata 450,000. Utashindwa mara 37 na kupoteza 370,000. Baki ni faida ya 80,000, sawa na shilingi 1,739 kwa kila mara. Kulipa ni uamuzi mzuri, ingawa utashindwa karibu mara 4 katika kila mara 5!

Sasa badilisha kitu kimoja tu. Mezani kuna 30,000 badala ya 50,000. Ushindi mara 9 utakupa 270,000, na kushindwa mara 37 kutakugharimu 370,000 zile zile. Hasara ni 100,000, yaani shilingi 2,174 kila unapolipa. Karata ni zile zile na uwezekano ni ule ule, lakini bei imekuwa ghali mno. Ukilipa na shupaza ikaja, utaondoka na fedha na sifa, na bado utakuwa umefanya uamuzi mbaya.

Wafanyabiashara watalitambua jambo hili mara moja. Swali si "je, bei itapanda?" peke yake. Swali ni "ninalipa kiasi gani kwa ajili ya nafasi hiyo?"

Kwa nini matokeo hudanganya

Msomaji anaweza kuuliza: kama uamuzi ni mzuri, si faida itaonekana yenyewe? Itaonekana, lakini inachukua muda mrefu kuliko watu wengi wanavyodhani.

Rudi kwenye mfano wa shilingi 50,000. Mtu anayefanya uamuzi ule mzuri mara 10 mfululizo ana uwezekano wa takriban asilimia 11 wa kushindwa mara zote 10. Uwezekano wa kushindwa zote au kushinda mara moja tu, hivyo kuwa na hasara baada ya mara 10, ni karibu asilimia 39. Kwa maneno mengine, ukichukua watu 10 ambao kila mmoja amefanya uamuzi sahihi mara 10, wanne hivi watakuwa wamepata hasara. Mfanyabiashara wa mazao mwenye msimu mmoja kwa mwaka atahitaji miaka 10 kufikia idadi hiyo. Mwenye ghala wetu alihukumu baada ya msimu mmoja.

Udhaifu huu ni wa binadamu wote. Mwaka 1988 wataalamu wawili wa Marekani, Jonathan Baron na John Hershey, walichapisha uchunguzi ambamo watu walipewa maelezo ya maamuzi mbalimbali, ukiwemo uamuzi wa daktari wa kumpasua mgonjwa. Maelezo yalikuwa yale yale; kilichotofautiana ni mwisho, mgonjwa kupona au kufa. Walioambiwa kuwa mgonjwa alikufa waliupa uamuzi ule ule alama za chini. Daktari hakuongezewa wala kupunguziwa akili na kifo hicho, lakini machoni mwa watu alipungua.

Turudi ghalani

Sasa tuwapime wale wanunuzi wawili kwa hesabu hii. Bei zifuatazo ni za mfano tu. Tuseme mnunuzi wa kwanza alinunua gunia Julai kwa shilingi 50,000, na akaongeza 8,000 za gunia tupu, dawa, usafiri, ghala na riba. Gharama yake ni 58,000. Kuhusu bei ya Januari aliandika hivi: uwezekano wa 5 katika 10 kuwa itafika 80,000, uwezekano wa 3 katika 10 kuwa itakuwa 62,000, na uwezekano wa 2 katika 10 kuwa itaanguka hadi 40,000.

Wastani wake ni 40,000 jumlisha 18,600 jumlisha 8,000, yaani 66,600. Toa gharama, inabaki faida tarajiwa ya 8,600 kwa gunia. Bei ikaangukia 40,000, naye akapoteza 18,000 kwa gunia. Aliingia akijua kuwa jambo hilo linaweza kutokea mara 2 katika 10, na ndiyo sababu aliweka fedha pembeni.

Mnunuzi wa pili alinunua Novemba kwa 65,000, akaongeza gharama za 3,000. Jumla ni 68,000. Kama Novemba hiyo soko lilikuwa na matarajio yale yale, wastani ni ule ule wa 66,600, hivyo alikuwa anatupa shilingi 1,400 kwa kila gunia. Bei ilipofika 80,000 akapata 12,000 na kupigiwa makofi. Hakuna aliyemwambia kuwa alilipa ghali.

Lakini hapa pana tahadhari. Hesabu ni nzuri sawasawa na uaminifu wa yule anayeiandika. Ule uwezekano wa 2 katika 10 hauwekwi kwa mapambo. Mwaka 2011, na tena mwaka 2017, Serikali ya Tanzania ilizuia kuuza mahindi nje ya nchi, na waliojaza maghala wakingoja bei ya nje wakajikuta na mzigo. Mfanyabiashara anayeandika leo kuwa uwezekano wa zuio ni sifuri anajidanganya mwenyewe. Zuio likija, asiseme kuwa ni bahati mbaya. Huyo atakuwa amefanya uamuzi mbaya na akapata matokeo mabaya.

Hisa moja, hukumu tatu

Upande wa hisa, mfano unaofahamika sana Afrika Mashariki ni wa Safaricom. Mwaka 2008 hisa za kampuni hiyo ziliuzwa kwa umma nchini Kenya kwa shilingi 5 za Kenya kila moja, na wananchi wengi wakajitokeza, wengine kwa fedha za mkopo. Siku ya kwanza sokoni, Juni 2008, bei ilipita 7. Aliyenunua akaonekana mjanja. Mwaka 2009 bei ilikuwa imeshuka chini ya shilingi 3. Mnunuzi yule yule akaonekana mjinga. Mwaka 2021 bei ilipita shilingi 40. Akarudi kuwa mjanja.

Uamuzi ulikuwa mmoja, uliofanywa siku moja kwa bei moja. Hukumu tatu zilitokana na tarehe ya kuulizwa. Ukitaka kujua kama ulikuwa uamuzi mzuri, uliza mnunuzi alijua nini mwaka 2008: faida ya kampuni, idadi ya hisa, ushindani, na fedha zilitoka wapi. Aliyenunua kwa akiba yake aliweza kungoja. Aliyekopa alikuwa analipa riba kila mwezi, hivyo hesabu yake ilikuwa tofauti kabisa, ingawa alishika hisa ile ile.

Mfano wa upande wa pili ni mpango wa kupanda na kuvuna fedha uliojulikana kama DECI, ambao Serikali ya Tanzania iliusimamisha mwaka 2009. Walioingia mapema walivuna kweli, na ushuhuda wao ndio uliowavuta majirani. Lakini mpango ambao malipo ya wa mwanzo hutoka kwenye mifuko ya wanaofuata hauna mali inayozalisha. Kwa wote kwa pamoja, hakuna cha kugawana zaidi ya walichochanga. Aliyevuna alibahatika kutangulia mlangoni.

Usiweke mtaji wote

Wastani mzuri peke yake hautoshi. Tuseme umepata biashara ambayo mara 6 katika 10 inaongeza fedha zako maradufu, na mara 4 unapoteza ulichoweka. Wastani wake ni mzuri sana. Lakini ukiweka kila kitu na kurudia mara 5, uwezekano wa kubaki na chochote ni chini ya asilimia 8. Zaidi ya watu 9 katika 10 watafilisika kwa kufuata biashara nzuri!

Mwaka 1956 J. L. Kelly wa maabara ya Bell, Marekani, alitoa kanuni ya kukadiria dau. Kwa mfano wetu, kanuni hiyo inasema weka asilimia 20 tu ya mtaji kila mara. Kwa kuwa katika soko makadirio yetu ya uwezekano huwa na makosa, mtu mwangalifu ataweka pungufu ya hapo. Wastani unahitaji marudio ili uonekane, na aliyekwisha filisika hana marudio.

Daftari la maamuzi

Mfanyabiashara afanye nini basi? Jambo la kwanza halina gharama: nunua daftari. Kabla ya kununua mzigo au hisa, andika tarehe, bei, gharama zote, matokeo matatu au manne yanayowezekana, uwezekano wa kila moja, wastani uliopata, na sehemu ya mtaji unayoweka. Andika kabla, kwa sababu baada ya matokeo kila mtu hukumbuka kuwa alijua.

Pili, msimu ukiisha, fungua daftari kabla ya kufungua sanduku la fedha. Jiulize: kulikuwa na habari niliyoweza kuipata na sikuitafuta? Kuna gharama niliyoisahau? Nililipa bei ambayo wastani wake ulikuwa mzuri? Jiulize hivyo hata ukipata faida, na hasa ukipata faida, maana hapo ndipo makosa hujificha.

Tatu, usiyadharau matokeo yanapokuwa mengi. Kama umeandika mara 50 kuwa bei itapanda kwa uwezekano wa 7 katika 10, nayo imepanda mara 20 tu, tatizo si bahati. Makadirio yako ni mabovu na yanahitaji kurekebishwa. Tokeo moja halina ushahidi wa kutosha, lakini matokeo 50 yanao.

Nne, mwajiri amhukumu mnunuzi wake kwa daftari hilo. Mwenye hasara yenye hesabu safi apewe msimu mwingine. Mwenye faida isiyo na maelezo asiongezewe hata senti moja mpaka aeleze.

Kuhusu poka yenyewe, msomaji akumbuke kuwa nyumba ya mchezo hukata sehemu yake kwenye meza, hivyo wachezaji wote kwa pamoja huondoka na fedha pungufu ya walizokuja nazo. Biashara ya nafaka ina nafuu hapo: gunia lililohifadhiwa vizuri kutoka Julai hadi Januari limemfanyia mlaji kazi, na kazi hiyo hulipwa. Mwenye ghala anayetaka kulipwa kwa kazi hiyo mwaka baada ya mwaka hana budi kumtafuta yule mnunuzi wake wa kwanza, amwombe radhi, na amrudishie funguo.